Makanga Anawashinda

Mama aliuliza swali lile mezani kwangu London, siku ya tatu tangu afike kutoka Voi, amekishika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili.

"Na hii treni ya kwanza ikichelewa, hiyo ingine itatungoja?"

Nilikuwa nimefungua kompyuta nikipanga safari ya kwenda Köln, Ujerumani. Dada yangu mdogo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Mama alikuwa ametoka Kenya na unga wa wimbi, leso mbili, na hamu ya kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Unapanda treni ya kasi London, stesheni ya St Pancras, inapita chini ya bahari, baada ya kama saa mbili uko Brussels. Unateremka. Unapanda treni nyingine ya kasi, inapita Liège na Aachen, na kabla ya saa mbili kwisha unaona minara ya kanisa kuu la Köln ikiwa karibu kuangukia stesheni. Basi. Ukipanga leo, kesho uko huko.

"Haitungoji, Mama."

"Sasa kwa nini? Si ni wao wamekuuzia? Si wanajua tunakuja?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelitafuta tangu wakati ule, nimelipata, na limeniudhi vya kutosha kuliandika.

Kwanza nieleze Mama alikotoa swali lake. Kwetu Taita, mtu akitoka Wundanyi kwenda Mombasa, huunganisha. Na hata yule aliyelipa nauli moja ya kumfikisha mbali, mara nyingine hulazimika kuunganisha bila kupanga. Gari likifika Mwatate halijajaa, makanga anaangalia viti vitupu, anapiga hesabu ya mafuta, anaona hasara. Anafanya nini? Anakuuza. Ndiyo lugha yetu ya steji: tumeuzwa. Anamwita makanga wa gari lingine, anampa pesa ya nauli iliyobaki, anakuhamisha wewe na mzigo wako na kuku wako. Utanung'unika, utamwita mwizi, utakaa kiti cha nyuma ambacho hukukitaka. Lakini hutalipa mara ya pili. Kila mtu pale steji anajua sheria hii, hata mtoto: aliyepokea nauli ya Voi ndiye mwenye deni la kukufikisha Voi. Akishindwa yeye, anatoa mfukoni mwake amlipe atakayeweza.

Sheria hiyo haijaandikwa popote. Makanga asiyeifuata anapigiwa kelele na abiria wote, na kesho yake hapati mtu.

Sasa turudi kwenye kompyuta yangu. Tovuti iliyoniuzia tiketi (sitaitaja, kwa sababu zinazofanya hivyo si moja) ilinionyesha safari ya kwenda na kurudi kama kitu kimoja. Mstari mmoja kutoka London hadi Köln. Bei moja. Kitufe kimoja cha kulipa. Pale Brussels paliandikwa muda wa kuunganisha: dakika 24 wakati wa kwenda, saa moja na dakika mbili wakati wa kurudi. Wao ndio waliopanga dakika hizo. Mimi sikuokota treni mbili nikazifunga kwa kamba. Niliandika ninakotoka na ninakokwenda, kompyuta yao ikaniambia njia ni hii. Kisha, chini kabisa, kwa maandishi ambayo Mama angehitaji miwani miwili kuyasoma, palikuwa na sentensi inayosema safari hii ina mikataba miwili tofauti ya usafiri.

Niliwaandikia. Nikauliza swali la Mama, karibu neno kwa neno: ya kwanza ikichelewa, ya pili tukiikosa, nani anatufikisha? Jibu lilikuja baada ya siku nne, lenye adabu tele. Tiketi zenu ni mikataba miwili. Tunashauri abiria waache muda wa kutosha wa kuunganisha.

Yaani muda walioupanga wao haukuwa wa kutosha kwa maoni yao wenyewe.

Hebu tuangalie maneno hayo, mikataba miwili, yana uzito gani. Umoja wa Ulaya una sheria ya haki za abiria wa reli. Iliyopo sasa ilianza kutumika tarehe 7 Juni 2023. Si sheria mbaya. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima, kinachohesabiwa ni saa uliyofika mwisho wa safari. Ukionekana utachelewa kufika kwa saa moja au zaidi, unachagua: urudishiwe pesa, au wakufikishe kwa njia nyingine. Ukichelewa kati ya dakika 60 na 119, unalipwa fidia ya asilimia 25 ya nauli. Kuanzia dakika 120, asilimia 50. Vizuri.

Lakini tiketi zikiwa mikataba miwili, hesabu inavunjwa vipande. Chukua mfano. Treni ya kutoka Köln inachelewa dakika 35. Unafika Brussels geti la treni ya London limefungwa. Mwenye treni ya kwanza anakwambia: nimechelewa dakika 35, sheria inaanza dakika 60, pole. Mwenye treni ya pili anakwambia: mimi niliondoka kwa wakati, wewe ndiye hukuwepo, pole. Wote wawili wanasema kweli. Wote wawili hawana kosa. Wewe uko stesheni na begi, safari yako ya kulipia imeharibika, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyefanya kosa.

Sheria iliona mtego huu, ikajaribu kuufunga. Inasema muuzaji aliyeunganisha tiketi kwa hiari yake, ukakosa treni ya pili, akurudishie pesa zote na kuongeza fidia ya asilimia 75. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga meza. Kisha nikasoma kifungu chote. Jukumu hilo linamwondokea akiwa alikueleza wazi kabla hujalipa kwamba hiyo ni mikataba tofauti. Kwa hiyo kile walichokifanya ni nini? Wameandika sentensi moja. Sentensi ile ndogo iliyo chini ya bei si maelezo kwa abiria. Ni mwavuli wa muuzaji.

Makanga wa Mwatate angefanya hivyo, angeandika ubavuni mwa gari: "Kutoka Wundanyi hadi Mwatate ni mkataba mmoja, Mwatate hadi Voi ni mwingine." Halafu apokee nauli yote Wundanyi. Sidhani angefika jioni na shati lake zima.

Najua nitaambiwa reli za Ulaya si matatu. Kuna kampuni nyingi, nchi nyingi, lugha nyingi. Stesheni yenyewe ya Brussels ina majina mawili: Wafaransa huiita Midi, Waholanzi huiita Zuid, na Mama alidhani ni stesheni mbili tunazotakiwa kuzikimbilia zote. Nakubali, si kazi rahisi. Lakini kuna watu wengine wenye kampuni nyingi, nchi nyingi na lugha nyingi, nao wameiweza: watu wa ndege.

Mama alisafiri kutoka Nairobi hadi London kwa kuunganisha ndege mbili. Tiketi ilikuwa moja, namba moja. Begi lake lilifungwa karatasi Nairobi akaliona tena London. Kama ndege ya kwanza ingechelewa, kumtafutia nyingine ilikuwa kazi yao, na si yake. Hakuna aliyemwambia ashauriane na dhamiri yake kuhusu muda wa kutosha. Na Ulaya yenyewe ndiyo iliyoweka jambo hili kisheria, tangu kanuni ya ndege ya mwaka 2004. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria aliyetoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, akiunganisha Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa kama saa mbili na nusu tu. Lakini kwa kukosa zilizofuata alifika saa kumi na moja baada ya muda wake. Mahakama ikasema: kinachohesabiwa ni saa aliyofika mwisho wa safari. Alipwe.

Bara lile lile, mahakama zile zile. Ukiruka angani, safari yako ni moja. Ukipita ardhini, ni vipande viwili na kila kipande na mwenyewe.

Na hapa ndipo hasira yangu inapopata meno. Kila siku tunahubiriwa kuhusu hali ya hewa. Tuache ndege, tupande treni. Mimi nimeyaamini mahubiri hayo, tena bila kulazimishwa; treni ya umeme huchafua hewa kidogo sana ukilinganisha na ndege kwa safari kama hii, na ukame tuliouona Taita haujaniacha na hamu ya kubisha. Lakini mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi, desturi iliyotokana na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Abiria wa ndege amekingwa akikosa ndege ya pili. Abiria wa treni ndiye anayeambiwa abebe hatari peke yake, na bado apewe pongezi kwa kuokoa dunia. Rafiki zangu wote walioniuliza "si mpande tu ndege?" walikuwa na akili kunishinda, na jambo hilo ni aibu kwa mtu yeyote anayeendesha reli.

Walichimba tundu la kilomita 50 kutoka Uingereza hadi Ufaransa, kilomita 38 zikiwa chini ya bahari, wakalifungua mwaka 1994. Treni zao hukimbia kilomita 300 kwa saa. Kitu kilichowashinda ni kukubaliana nani atanilipia kiti kwenye treni inayofuata.

Mpaka hapa shida hii ni ya kila mtu. Mjerumani akikosa treni Brussels anapoteza nauli, analala hoteli, anakasirika, kesho anaandika barua. Lakini Mama si Mjerumani. Ana pasipoti ya Kenya, na pasipoti ya Kenya hugeuza dakika 35 kuwa kitu kingine.

Tuliomba visa ya siku 30. Kibandiko kilipotoka kilikuwa na siku 12. Kwa wasiozijua hizi visa za Schengen: kibandiko kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na pia kina idadi ya siku za kukaa. Wengi hutazama tarehe peke yake wakadhani wana mwezi mzima. Kinachokubana ni zile siku. Siku ya kuingia inahesabiwa, siku ya kutoka inahesabiwa. Na ukienda kwa treni kutoka London, polisi wa mpaka wa Ufaransa wanakukagua palepale St Pancras kabla hujapanda, kwa hiyo siku ya kwanza ya Mama ya kukaa Ulaya ilianza akiwa bado amesimama London.

Kurudi nako ni vivyo hivyo kinyume. Unatokea Schengen palepale stesheni ya Brussels, kisha unakaguliwa na maofisa wa Uingereza, kisha mizigo inapita kwenye mashine. Geti la ukaguzi hufungwa kama nusu saa kabla ya treni kuondoka. Sasa rudia ile saa moja na dakika mbili waliyonipangia. Toa nusu saa ya geti. Toa dakika za Mama kushuka ngazi na goti lake la kulia. Zilizobaki ni kama dakika 25, na hizo ndizo zilizokuwa zimesimama kati ya mama yangu na kosa la uhamiaji.

Maana kama ile treni ya London ni ya mwisho, na leo ni siku ya 12, basi kesho ni siku ya 13. Zamani ungemtegemea ofisa mwenye muhuri na roho ya ubinadamu. Tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza, hatua kwa hatua, kuachana na mihuri na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta unaochukua picha na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe. Kompyuta hiyo itaandika kwamba mwanamke huyu amepitiliza siku moja. Haitaandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya taa za reli karibu na Aachen.

Ipo nafasi kisheria ya kuongezewa siku ukizuiliwa na dharura isiyo na budi, na haitozwi ada. Nimeisoma. Lakini fikiria namna ya kuitumia: saa tatu usiku, mji usioujua, ofisi zimefungwa, uko na mama wa miaka sabini na mbili, na wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba dharura ilikuwepo, wakati kampuni zote mbili zimekwisha kusema hazikufanya kosa. Na hata ukifaulu, ombi lake lijalo la visa litasomwa na mtu asiyemjua, ambaye ataiona siku ya 13 kabla hajaona kitu kingine chochote. Mjukuu atakuwa anatambaa, atakuwa anatembea, nyanya yake anaeleza treni.

Ili kupata visa hiyo tulidaiwa bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, tiketi za kwenda na kurudi, taarifa za benki, na barua ya dada. Yaani Mama alitakiwa kuthibitisha kwa kila karatasi kwamba ataondoka siku aliyosema ataondoka. Hakuna aliyemdai mwenye treni athibitishe kwamba atamwondoa.

Na treni huchelewa. Silaumu, vyuma ni vyuma. Deutsche Bahn yenyewe ilitangaza kwamba mwaka 2024 treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na kwao "kwa wakati" inavumilia kuchelewa pungufu ya dakika sita. Hizo ni hesabu zao, si zangu. Kwa hesabu hizo, anayeuza muda mfupi wa kuunganisha anajua kabisa anauza nini. Kwetu ukiuza kamari unahitaji leseni.

Watetezi wa reli wana majibu mawili. La kwanza: kuna makubaliano ya hiari kati ya baadhi ya kampuni, kwamba abiria aliyekosa treni kwa kucheleweshwa na mwenzao ataruhusiwa kupanda inayofuata. Ni kweli, na wahudumu wengi ni watu wema; ukiwaendea kwa upole na tiketi yako mkononi, watakuandikia, watakupandisha. Lakini hiari ni fadhila, na fadhila inakutaka ujue kuwa ipo, ujue lugha ya kuiomba, ujue dirisha la kupanga foleni. Nchini Kenya tuna neno la hali hiyo. Tunaita koneksheni. Kazi inatangazwa gazetini, lakini anayeipata ni mwenye koneksheni. Haki ipo, lakini mpaka umjue mtu. Tumelaani jambo hilo nyumbani miaka nenda miaka rudi. Sioni sababu ya kulipigia makofi likiwa limevaa sare ya reli ya Ulaya.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu ni la busara: acha muda mrefu zaidi. Kila msafiri mzoefu atakwambia hivyo, na mimi mwenyewe ningekushauri hivyo hivyo. Usiunganishe chini ya saa moja na nusu ukirudi Uingereza. Usipange treni ya mwisho ya siku, panga ile iliyo mbili kabla yake. Tafuta tiketi yenye namba moja ya safari nzima hata kama imezidi bei. Piga picha ubao wa stesheni ukionyesha treni imechelewa. Kama visa yako imebana, toka siku moja kabla. Ushauri mzuri wote. Lakini uangalie unamtaka nani alipe. Hizo saa mbili za kukaa kwenye benchi la chuma ni za abiria. Hiyo siku moja kabla ni ya abiria. Kampuni haijatoa dakika hata moja. Hatari ni yao, tahadhari ni yetu.

Ninachodai si kikubwa. Anayepokea pesa ya safari nzima awe na deni la safari nzima, na asiruhusiwe kujivua deni hilo kwa sentensi moja ya maandishi madogo. Kama treni mbili zinaonyeshwa kwenye mstari mmoja kwa bei moja, hiyo ni tiketi moja, wagawane lawama wenyewe huko nyuma ya pazia kama makanga wawili wanavyogawana nauli. Ursula von der Leyen aliahidi jambo la namna hii Julai 2024, alipokuwa akiomba muhula wa pili wa kuongoza Kamisheni ya Ulaya: tiketi moja, mahali pamoja, na haki za abiria kwa safari nzima. Ahadi nzuri. Nami ningeongeza kitu kimoja: anayecheleweshwa na treni siku ya mwisho ya visa yake apewe karatasi na kampuni iliyomchelewesha, palepale, na karatasi hiyo iingie kwenye ile kompyuta pamoja na alama zake za vidole. Kama mashine inaweza kukumbuka kwamba alichelewa, iweze pia kukumbuka nani alimchelewesha.

Mtu ataniuliza hii inawahusu nini Wakenya wasiokwenda Köln. Muulize Mama. Voi ilikuwa jankshani. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ikaenda kukutana na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe. Mama akiwa msichana aliipanda kwenda kwa shangazi yake Moshi, na anavyokumbuka yeye, treni kubwa ya Mombasa ikichelewa, ile ya Taveta ilikaa pale pale ikitoa moshi, watu wananunua ndizi, hakuna anayekimbia. Alipouliza kama treni ya Brussels itatungoja hakuwa anauliza ujinga. Alikuwa anauliza kitu alichowahi kukiona kwa macho yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa, Tanzania ikafunga mpaka mpaka mwaka 1983, na kuunganisha kwa Voi kukawa hadithi.

Leo tuna reli mpya. Yetu ilianza Mei 2017, ya Tanzania ikafika Dodoma mwaka 2024, zote kwa upana ule ule wa njia, na bado hazijakutana popote. Siku zitakapokutana, watu watakata utepe na kusifu kilomita na kasi. Mimi ningependa kujua kitu kimoja kabla ya utepe: abiria wa Dodoma akichelewa mpakani, ni abiria wa nani?

Sisi tulifuata ushauri wa wenye busara. Nilitupa ile tiketi ya kurudi, pesa haikurudi, nikanunua upya: kutoka Köln siku ya 11, kulala Brussels, kuondoka asubuhi ya siku ya 12. Chumba kilikuwa karibu na stesheni, dirisha linaangalia reli. Treni yetu kutoka Köln ilifika kwa wakati wake barabara, haikupungua wala haikuzidi dakika.

Usiku ule dada alituma video. Mtoto alikuwa amecheka kwa sauti mara ya kwanza, kama saa moja baada ya sisi kuondoka. Mama aliitazama mara nne, akanirudishia simu.

"Kumbe treni haikuchelewa," akasema. "Si tungelala na mtoto?"